Majilio na Toba: Maswali Tunayoulizwa Kila Mwaka Bukavu

Maswali haya kuhusu Majilio, kipindi cha kungoja Noeli, hutoka katika mashirika yetu (jumuiya ndogo za Kikristo) ya Bukavu, mashariki mwa Kongo: Bagira, Kadutu, Ibanda na Panzi, kila Novemba inapokaribia kwisha. Majibu yanafuata mafundisho ya Kanisa Katoliki. Penye maoni yangu nimesema kwamba ni yangu.

Majilio yanaanza lini na kwisha lini?

Dominika ya kwanza ya Majilio ni ile iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea, kwa hiyo huangukia kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Mwaka 2026 ni tarehe 29 Novemba, mwaka 2027 ni tarehe 28. Dominika ni nne daima, lakini juma la nne halina urefu maalumu. Mwaka 2023 lilikuwa na siku moja tu, maana Dominika ya nne iliangukia 24 Desemba, na jioni yake ikawa tayari mkesha wa Noeli. Anayesema "nitaungama juma la mwisho" aangalie kalenda kwanza.

Je, Majilio ni Kwaresima ndogo?

Yanafanana kwa rangi ya zambarau, na kwa kuwa wimbo wa Utukufu hauimbwi siku za Dominika. Lakini Aleluya inabaki, na Kanisa linakiita kipindi hiki wakati wa kungoja kwa ibada na furaha. Dominika ya tatu padiri anaweza kuvaa rangi ya waridi, na masomo yake yanaanza kuchangamka.

Zamani mambo yalikuwa makali zaidi. Katika nchi ya Gaul, Ufaransa ya leo, karne ya 5, Askofu Perpetuus wa Tours aliagiza mfungo uanze sikukuu ya Mtakatifu Martino, 11 Novemba, hadi Noeli. Waortodoksi mpaka leo hufunga siku 40 kabla ya Noeli. Kwetu hakuna sheria ya kufunga katika Majilio, ila Ijumaa zote za mwaka ni siku za malipizi, na Ijumaa za Majilio zimo.

Tofauti iliyo kubwa zaidi ni hii: katika Majilio tunatubu kwa sababu kuna Mtu anakuja. Kuanzia mwanzo hadi 16 Desemba masomo yanasisitiza kurudi kwake mwisho wa nyakati. Tangu tarehe 17 ndipo yanageukia moja kwa moja kuzaliwa kwake Betlehemu. Wengi wetu tunaruka ile sehemu ya kwanza na kukimbilia pango la Noeli. Ni hasara, kwa maana sehemu hiyo ndiyo inayouliza: akirudi leo jioni, atakukuta na mali ya nani nyumbani mwako?

Kwa nini Yohane Mbatizaji anarudi kila mwaka?

Kwa sababu Kanisa limempa Dominika mbili nzima, ya pili na ya tatu. Anakuja na maneno ya Isaya sura ya 40: mtengenezeeni Bwana njia, mabonde yajazwe, vilima vishushwe. Sisi wa Bukavu tunaielewa picha hiyo kwa miguu. Desemba mvua ni nyingi, maji yanashuka toka juu yakikata barabara, na asubuhi watu wa mtaa wanatoka na majembe na mifuko ya mawe kuziba mashimo ili mgonjwa aweze kufikishwa hospitali. Hakuna anayeziba shimo kwa kuliimbia. Isaya alitaka kazi ya namna hiyo ifanyike moyoni na kati ya watu.

"Tufanye nini?" Toba ya Majilio inadai nini hasa?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote katika ukurasa huu, na liliulizwa kabla yetu. Soma Luka 3, aya ya 10 hadi 14. Makundi matatu yanamwendea Yohane na swali moja, naye anatoa majibu matatu.

Umati anauambia: mwenye kanzu mbili amgawie asiye na kanzu, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru: msitoze zaidi ya mlivyoamriwa. Askari: msimnyang'anye mtu kwa nguvu, msimsingizie mtu, mtosheke na mishahara yenu.

Angalia alichoacha. Hakumwagiza yeyote kwenda jangwani kula nzige pamoja naye. Hakumwambia mtoza ushuru aache kazi. Kila mmoja alirudishwa palepale alipozoea kukosea, akaambiwa asirudie. Watu wengi huja wakiomba wapewe rozari za kutosha au siku za kufunga, na hayo ni mema, lakini Yohane anataja nguo, chakula na fedha.

Chukua mfano wa kopo la kupimia maharagwe sokoni. Kwa juu linafanana na makopo yote. Ligeuze: kitako kimepigwa nyundo kikaingia ndani kwa upana wa kidole. Kila kipimo kinapungua konzi moja. Mteja haoni kitu, maana maharagwe yamefurika juu, na muuzaji anaongeza punje kadhaa kwa tabasamu ili mama aondoke ameridhika. Anayejua ni yule aliyeshika nyundo. Muuzaji huyo anaweza kusali novena yote, kuimba katika kwaya, kupamba pango la parokia, na kopo lipo mezani. Toba yake katika Majilio inaanza siku anaponunua kopo jingine.

Sasa geuza swali kwako. Mwalimu anayeuza pointi. Muuguzi anayengoja apewe "sukari" kabla ya kumgusa mgonjwa. Mwenye nyumba aliyekula garanti, yaani amana, ya mpangaji. Mwenye ofisi anayeandika risiti ya franka elfu tano huku amepokea elfu kumi. Kijana anayesambaza kwenye simu habari ya kumchafua mtu bila kuihakikisha. Mwenye bunduki, wa upande wowote, anayesimamisha wapita njia ili wamlipe. Kwa huyu wa mwisho Injili haihitaji kufafanuliwa. Maneno yamesemwa kwa jina la kazi yake.

Na tusijifiche nyuma ya vita. Ni kweli umaskini unabana, na anayeiba muhogo ili mtoto asife hapimwi sawa na anayejenga ghorofa kwa jasho la wengine. Lakini wengi wetu hatuko katika hali hizo mbili. Tuko katikati, na humo katikati ndimo makopo yaliyopigwa nyundo yanamokaa.

Nilichukua kisicho changu. Lazima nikirudishe kabla ya kuungama?

Unaweza kuungama kwanza, ila lazima uwe na nia ya kweli ya kurudisha. Katekisimu inasema wazi kwamba ondoleo linafuta dhambi lakini halitengenezi maovu yote ambayo dhambi imesababisha: mali iliyoibwa irudishwe, jina lililochafuliwa lisafishwe. Padiri akikuuliza "umerudisha?" haingilii maisha yako. Anafanya kazi yake.

Huwezi kulipa yote kwa mara moja? Lipa kidogo kidogo, na umwambie unayemlipa. Mwenyewe amefariki? Watafute warithi wake. Humjui kabisa, kama wale wateja wa kopo? Toa kiasi hicho kwa maskini. Usikihesabu kama sadaka yako, kwa maana hakikuwa chako. Unaogopa kufungwa au kuumizwa ukijitaja? Si lazima kujitaja. Padiri anaweza kukusaidia kukifikisha bila jina lako. Zakayo, katika Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne. Wewe anza na mara moja.

Sijaungama kwa miaka mingi. Nianzie wapi?

Anza kwa kusema hivyohivyo: "Padiri, sijaungama kwa miaka mingi, nisaidie." Sentensi hiyo inatosha kufungua mlango, na mapadiri wengi huifurahia kuliko maungamo marefu ya kukariri.

Kabla ya hapo tafuta saa moja ya utulivu. Pitia Amri Kumi, au ile Luka 3. Kumbuka dhambi nzito, aina yake na mara ngapi kwa kadiri unavyoweza. Hakuna haja ya kusimulia hadithi nzima wala kuwataja wenzako kwa majina. Ungama dhambi zako, za mume wako muachie mwenyewe. Kisha taja majuto yako, pokea malipizi na ondoleo, na utimize malipizi mapema kabla hujayasahau.

Padiri amefungwa na siri. Sheria ya Kanisa (kanuni 983) inamkataza kabisa kumfichua anayeungama kwa neno au kwa njia yoyote, hata mbele ya wakubwa au wenye silaha. Lugha nayo isikuzuie: ungama kwa Kiswahili, Kifaransa au Mashi, mradi mwelewane na padiri.

Ushauri wangu: nenda juma la kwanza au la pili. Baada ya tarehe 20 foleni ni ndefu, padiri amechoka, na nyuma yako kuna mama amebeba mtoto anayelia. Sheria inadai kuungama dhambi nzito walau mara moja kwa mwaka. Wengine wameigeuza kuwa mara moja kwa mwaka, mkesha wa Noeli, kwa haraka.

Ibada ya toba ya pamoja parokiani inatosha?

Ibada hiyo ina masomo, ukimya, kujichunguza pamoja, na kisha kila mtu anakwenda kwa padiri peke yake. Ikifanyika hivyo, ni njia nzuri kabisa. Usipokwenda kwa padiri umesali vizuri, lakini hujapokea sakramenti.

Ondoleo la jumla, bila kila mtu kuungama, lipo kwa ajili ya hatari ya kifo au haja kubwa sana ambayo askofu ndiye anayeipima. Wingi wa watu siku ya sikukuu hauhesabiwi. Aliyelipokea anabaki na wajibu wa kuungama dhambi nzito mapema atakapopata nafasi.

Na wale walio vijijini ambako padiri hafiki kwa sababu ya mapigano? Kanisa linafundisha kwamba majuto kamili, yaani kujuta kwa kumpenda Mungu, pamoja na nia thabiti ya kuungama mara itakapowezekana, yanaleta msamaha hata wa dhambi nzito. Waambieni wakimbizi wetu jambo hili. Wengi wanabeba hofu isiyo ya lazima.

Kwa nini katika misa yetu toba inakuja baada ya mahubiri?

Kwa sababu tunatumia Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire (jina la Kongo wakati ule), iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988. Kwanza tunasikiliza Neno, tunakiri imani, ndipo tunakiri makosa, kisha tunapeana amani, na baada ya hapo tu vipaji vinapelekwa altareni. Utaratibu huo una mantiki ya kwetu: mtu hakiri kosa kabla ya kusomewa shauri. Tena unafuata Mateo 5:23, kupatana na ndugu kabla ya kutoa sadaka.

Katika Majilio, jaribu kuutumia kwa makini. Unapopeana amani, usitafute tu mikono unayoipenda.

Nimekosana na ndugu yangu kwa sababu ya kiwanja. Nimsamehe maana yake nimwachie?

Hapana. Kusamehe ni kuacha chuki na kisasi. Haki ya kiwanja inabaki kuwa haki. Mjane anayenyang'anywa nyumba na ndugu wa marehemu anaweza kusamehe na bado akaendelea na kesi, tena shirika lina wajibu wa kusimama naye. Vivyo hivyo mwanamke anayepigwa nyumbani: msamaha haumlazimishi kurudi mahali ambapo maisha yake yako hatarini, na asiwepo mzee wa shirika wa kumwambia "vumilia, ni Majilio".

Penye ugomvi wa kawaida, wa maneno, wa mpaka, wa mchango usiolipwa, mtumie mtu anayeheshimiwa na pande zote mbili atangulie. Kisha nenda mwenyewe. Usitume ujumbe wa simu kwa jambo la miaka.

Tumeuawa watu, tumeporwa, mji umetekwa. Kwa nini sisi ndio tunaambiwa tutubu?

Swali hili linaulizwa kwa machozi, na hasa tangu mji wetu ulipotekwa Februari 2025 siwezi kulijibu kwa haraka.

Kwanza, aliyetendewa uovu hatubu uovu huo. Aliyebakwa hana dhambi ya kubakwa. Aliyekimbia na kuacha mzee nyuma kwa sababu risasi zilikuwa zinapigwa si msaliti. Wako watu wanaokuja kuungama majeraha yao, wakidhani aibu ni dhambi. Waambiwe ukweli kwa upole.

Pili, Majilio yana nafasi ya kulia. "Laiti ungepasua mbingu, ukashuka!" ni kilio cha Isaya 64, na kinasomwa Dominika ya kwanza ya mwaka B (wa pili katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu), ambao unaanza na Majilio ya 2026. Kumlalamikia Mungu ni sala. Zaburi zimejaa sala hiyo.

Tatu, maaskofu wetu walituonyesha jinsi ya kushika pamoja haki na toba. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alibaki na watu wake mpaka alipouawa hapa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996. Mrithi wake, Emmanuel Kataliko, katika ujumbe wa Noeli 1999 aliwalaumu wazi waliotutawala na kutupora. Lakini hakuishia kwao: aliwakemea pia wenzetu waliokuwa tayari kumtoa ndugu yao kwa noti ya dola kumi au ishirini. Februari 2000 utawala wa waasi wa RCD wa wakati ule ukamhamishia Butembo kwa nguvu. Alirudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka uleule akafariki Roma. Sauti ya namna hiyo ndiyo tunayoihitaji katika Majilio: inayomtaja mnyang'anyi kwa jina la matendo yake, na inayoniuliza mimi pia kama sijamuuza jirani.

Kumsamehe muuaji hakuwezi kulazimishwa kwa tarehe ya kalenda. Kama mwaka huu unaweza tu kusema "Bwana, sitaki kuwa kama yeye", sali hivyo. Ni mwanzo wa kweli.

Tunaishi pamoja bila ndoa ya Kanisa. Majilio yanatuhusu?

Yanawahusu sana. Yaka tofande, yaani kuishi pamoja bila kufunga ndoa, imeenea mitaani kwetu, na mara nyingi sababu ni mahari ambayo haijaisha au gharama za sherehe. Mahari ni heshima ya familia na isidharauliwe, lakini sakramenti ya ndoa haitegemei ng'ombe wa mwisho, wala haitegemei ukumbi wa maharusi, keki na msafara wa magari. Mwendeeni padiri katika Majilio haya, mkae naye, mpange njia. Hadi hapo, Neno la Mungu, sala, matendo ya huruma na shirika ni vyenu kama vya wengine.

Tufunge nini, na sherehe tuifanyeje?

Funga kitu ambacho akiba yake inaweza kumfikia mtu. Anayeacha bia mbili kwa juma na kumpelekea jirani aliyehama makwao unga na sambaza (dagaa wa ziwani) ameelewa. Kuhusu nguo za Noeli na Bonane (Mwaka Mpya): watoto wakivaa vizuri ni furaha, lakini kukopa au kula zamu ya mwenzako wa likelemba (mchango wa kupokezana) kwa ajili ya viatu ni kuingia Januari na kosa jipya.

Taji ya mishumaa ni lazima?

Si lazima. Ilianzia Hamburg, Ujerumani, mwaka 1839, kwa mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern aliyelea watoto maskini, na baadaye Wakatoliki wakaipokea. Majani mabichi na mishumaa minne yanatosha. Nyumba zetu nyingi ni za mbao na zimebanana. Usiuache mshumaa ukiwaka ukalala.

Na ndugu zetu Waprotestanti?

Waanglikana na Walutheri wanaadhimisha Majilio kama sisi. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayana kipindi hiki kwenye kalenda, lakini Luka 3 ni yao pia. Mkiwa na ndoa au ukoo wa mchanganyiko, isomeni pamoja jioni.

Ni tarehe 23 tayari na sijafanya lolote. Nimechelewa?

Hujachelewa. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 Kanisa huimba katika sala ya jioni zile antifona (viitikio vifupi) saba zinazomwita Kristu: Hekima, Adonai, Shina la Yese, Ufunguo wa Daudi, Jua la asubuhi, Mfalme wa mataifa, na ya tarehe 23 ndiyo "Ee Emanueli". Isali hiyo. Kisha chagua jambo moja la Luka 3, moja tu, na ulifanye kabla jua halijazama: lipa deni, rudisha garanti, peleka blanketi.

Padiri ukimkosa, usijifungie nyumbani siku ya Noeli. Njoo misa, na kama una dhambi nzito ngoja kwanza kukomunika. Kipindi cha Noeli kinaendelea mpaka sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, Januari, na siku hizo mbele ya kiti cha maungamo hakuna foleni.